Mzigo Ukishapakiwa: Historia ya Wachukuzi na Haki ya Kuzuia Mali

Mwaka 1703, Jaji Mkuu John Holt wa Uingereza alitoa hukumu katika shauri la mapipa ya brandi. Mtu aliyeitwa Bernard alikuwa amekubali kumhamishia Coggs mapipa hayo kutoka ghala moja la chini ya ardhi hadi jingine, na kwa uzembe pipa moja likapasuka, brandi ikamwagika. Bernard hakuwa mchukuzi wa kazi wala hakulipwa kitu, lakini Holt aliitumia nafasi hiyo kupanga upya sheria yote ya mtu anayekabidhiwa mali ya mwenzake, na alipofika kwa wachukuzi wa kulipwa hakuwaonea huruma. Alisema mchukuzi atalipia kila kitakachopotea mikononi mwake, isipokuwa kilichoharibiwa kwa kudra ya Mungu au na maadui wa mfalme. Hata akidai ameporwa njiani, atalipa. Sababu yake ilikuwa ya mtu anayewajua binadamu: wenye mali hawana budi kuwaamini wachukuzi, na kama kisingizio cha wezi kingekubaliwa, wachukuzi wangekula njama na wezi hao kwa siri ambayo mwenye mali asingeweza kuigundua. Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika shauri la Skinner na Upshaw, jaji huyohuyo alikuwa ameamua jambo la upande wa pili: mchukuzi ana haki ya kuuzuia mzigo mpaka alipwe ujira wake.

Hukumu hizo mbili zilikuwa sahani mbili za mizani moja. Mchukuzi alipewa nguvu ya kushika mali ya watu, na kwa sababu ya nguvu hiyo akabebeshwa dhamana nzito kuliko karibu kila mfanyabiashara mwingine. Sheria hii ilivuka bahari na Waingereza ikaota mizizi Marekani, na huko ndiko inakoonekana wazi kilichotokea baadaye. Sahani ya dhamana ilipunguzwa kidogo kidogo tangu zama za reli, huku sahani ya haki ya kuzuia mzigo ikibaki karibu na uzito wake uleule. Malalamiko ya familia za Marekani dhidi ya kampuni za kuhamisha vyombo vya nyumbani, ya mizigo inayofungiwa maghalani mpaka mwenyewe alipe mara mbili au tatu ya bei aliyoahidiwa, kwa kawaida huelezwa kuwa ni ujambazi wa watu wachache wasio na haya. Ujambazi upo. Lakini jambazi huyu havunji mlango wa mtu. Anaingia kwa kualikwa, anapakia vitanda na masanduku mbele ya macho ya wenyewe, kisha anatumia haki ambayo sheria yenyewe ilimpa. Tusipoifuata historia ya haki hiyo hatutaelewa kwa nini udanganyifu huu umedumu licha ya sheria zote zilizotungwa kuukomesha.

Dhamana ilianza kupunguzwa zama za reli. Kampuni za reli za Marekani hazikupenda kulipia kila kitu kilichopotea, zikaanza kuandika kwenye hati za usafirishaji kiwango cha juu cha fidia. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Hart, mtu aliyesafirisha farasi watano kwa treni. Hati aliyoisaini iliweka thamani isiyozidi dola 200 kwa kila farasi. Ajali ilipotokea, farasi mmoja aliyekufa alikuwa wa mashindano, na Hart alisema thamani yake ilikuwa dola 15,000. Mahakama ilimwambia kwamba alikubali dola 200 na akafurahia nauli nafuu iliyotokana na kiwango hicho, basi atalipwa kwa kiwango hicho. Mwaka 1906 Bunge lilipitisha kifungu kinachojulikana kama Carmack, kikaweka sheria moja ya nchi nzima kuhusu fidia ya mizigo inayovuka mipaka ya majimbo, na mwaka 1913 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinazifuta sheria za majimbo katika jambo hilo, na kwamba fidia yenye kikomo ni halali mradi mteja ameikubali. Mwenye farasi wa mashindano huenda aliielewa hati yake. Lakini kanuni ileile ndiyo iliyokuja kumfikia mama anayehamisha cherehani na albamu za picha za wazazi wake. Leo hii, mteja anayesaini kukubali kiwango cha chini kabisa hulipwa senti 60 kwa kila ratili ya kitu kilichopotea au kuvunjika. Kompyuta ya mkononi yenye uzito wa ratili 4 ikipotea, fidia yake ni dola 2 na senti 40. Televisheni ya ratili 30 ni dola 18. Mchukuzi aliyemtia Holt hofu kwamba angekula njama na wezi sasa anaweza kuibiwa akalipa bei ya chakula cha mchana.

Biashara ya kuhamisha nyumba kama tunavyoijua ilianza kukua katika zama hizohizo za reli. Ndugu wawili wa familia ya Bekins walianza yao Sioux City, Iowa, mwaka 1891, enzi ya magari ya farasi. Barabara kuu zilipojengwa na malori yakaweza kuvuka majimbo, zikatokea kampuni za mtandao wa mawakala: Mayflower mwaka 1927, Allied mwaka 1928. Wakala wa mji mmoja alipakia, wakala wa mji mwingine akapokea, na lori likapata mzigo wa kurudi nao badala ya kurudi tupu. Mpango huu ulikuwa na faida ambayo watu hawaitaji sana. Mteja alikuwa na mlango wa kubisha kwao na kwa kule anakokwenda, ofisi yenye jina lililoandikwa ukutani na mwenyeji anayejulikana mtaani. Mwaka 1935 serikali kuu nayo ikaingia: malori yanayovuka majimbo yaliwekwa chini ya Tume ya Biashara kati ya Majimbo, ICC, iliyokuwa ikisimamia reli tangu 1887. Hakuna aliyeweza kuanza kazi hiyo bila kibali cha Tume, na bei zilikuwa zikiandikishwa huko.

Itakuwa si haki kuisifu enzi hiyo kupita kiasi. Kampuni zenye vibali zilikuwa chache, bei zilipangwa kwa pamoja, na mteja hakuwa na uwanja mpana wa kuchagua. Udanganyifu nao ulikuwepo. Kwa kuwa bei iliandikishwa na haikuweza kupunguzwa, wauzaji walishindana kwa makadirio: kila mmoja alimtajia mteja uzito mdogo kuliko mwenzake ili apate kazi, na siku ya kufikisha mzigo hesabu ikapanda. Wengine walicheza na mizani. Lori hupimwa likiwa tupu, kisha hupimwa likiwa limepakiwa, na tofauti ndiyo uzito wa mzigo. Ukiijaza tangi mafuta baada ya kipimo cha kwanza, au ukawaacha mahamali wawili ndani ya lori kwenye kipimo cha pili, mteja anaulipia uzito wa mafuta na wa watu. Hila hii ndiyo iliyofanya kanuni zitamke waziwazi kwamba wafanyakazi wasiwe ndani ya gari wakati wa kupima, na kwamba mteja ana haki ya kushuhudia kipimo na kudai kirudiwe. Kanuni yenye undani wa namna hiyo ni ushahidi tosha wa mambo yaliyokuwa yakifanyika mizanini.

Lakini katika kipindi hicho Tume ilifanya jambo moja lililogusa kiini cha tatizo. Iliibana haki ya kuzuia mzigo. Kanuni ilisema kwamba makadirio yasiyo ya bei ya mwisho yakitolewa, mteja akilipa asilimia 110 ya makadirio hayo, mchukuzi lazima ashushe mzigo. Kinachozidi atakidai baadaye, baada ya siku 30. Aliyekadiriwa dola 2,000 akiletewa hesabu ya dola 5,000 mlangoni hulipa dola 2,200, anapata vitanda vyake, watoto wanalala, na ugomvi wa dola 2,800 unasubiri. Hii ni kanuni ya busara kubwa. Haimnyimi mchukuzi ujira wake wala haimlazimishi mteja kubishana huku nyumba yake yote ikiwa imefungiwa ndani ya lori barabarani. Mwaka 1980, wimbi la kulegeza udhibiti lilipofika, Bunge lilipitisha sheria maalumu ya uchukuzi wa vyombo vya nyumbani iliyoruhusu pia makadirio ya bei ya mwisho, yaani bei isiyopanda kwa mzigo uliokubaliwa. Kwenye karatasi, mteja wa miaka ya 1980 alikuwa amelindwa vizuri kuliko baba yake.

Kilichofuata hakikuifuta kanuni. Kilimwondoa msimamizi wake. Mwishoni mwa Desemba 1995 Rais Bill Clinton alisaini sheria ya kuivunja ICC, na baada ya mwaka mpya Tume haikuwepo tena. Ulinzi wa wateja wa vyombo vya nyumbani ulikabidhiwa Wizara ya Uchukuzi, kwa idara ambayo kazi yake ilikuwa barabara na usalama wa malori. Mkaguzi aliyezoea kukagua breki na saa za madereva hakuwa na muda wa kabati la mtu lililofungiwa ghalani, na wala hakuajiriwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2000 kazi ikahamishiwa mamlaka mpya ya usalama wa wachukuzi wa magari, FMCSA, nayo ikiwa na jukumu kuu lilelile la kupunguza ajali. Mwaka 2001 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichapisha ripoti iliyosema wazi kwamba serikali kuu imefanya machache mno kuwalinda wanaohama, huku malalamiko yakiongezeka. Na majimbo, ambayo yangependa kuingilia kati, yalikuwa yamefungwa mikono na sheria ya nchi nzima. Familia iliyompigia polisi simu iliambiwa kwamba hayo ni madai, waende mahakamani.

Miaka hiyohiyo intaneti ilileta dalali. Huyu hana lori, hana ghala, hana mahamali. Ana tovuti yenye picha za malori meupe na simu inayopokelewa kwa upole. Anachukua orodha ya vyombo kwa simu, anataja bei ya chini, anapokea malipo ya awali kwa kadi, kisha anaiuza kazi kwa mchukuzi yeyote atakayeitaka. Ule mlango wa kubisha wa mwaka 1928 umetoweka. Siku ya kuhama linakuja lori la kukodi lisilo na jina, saa sita baada ya muda uliokubaliwa, wakati mteja tayari amekabidhi funguo kwa mwenye nyumba. Vyombo vinapakiwa upesi. Nusu ya nyumba ikiwa ndani ya lori, msimamizi anashuka na karatasi: mzigo umezidi, umechukua futi za ujazo nyingi kuliko zilizoandikwa, kuna ada ya karatasi za kufungia, ada ya ngazi, ada ya kutembea kutoka mlangoni hadi garini. Mteja hana njia ya kuhakiki futi za ujazo kwa macho. Akikataa, anaambiwa vyombo vitashushwa barabarani kwa gharama yake, au lori linaondoka tu. Anasaini. Saini ile ndiyo wanayoitegemea kesho yake, kwa maana hesabu mpya sasa ina jina la mteja chini yake. Kisha kimya cha wiki kadhaa, na baadaye simu kutoka ghala la jimbo asilolijua: lete pesa taslimu au hundi ya benki, vinginevyo mali itapigwa mnada kulipia gharama za ghala.

Wapo wanaosema soko lenyewe litawaondoa waongo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa, kwa maana katika mizigo ya viwanda ilithibitika kwa kiasi kikubwa. Baada ya 1980 bei za malori ya mizigo ya biashara zilishuka na huduma ikaongezeka, wala viwanda havikulia kwamba vimetekwa. Lakini tuangalie mteja ni nani. Kiwanda hupakia mizigo kila wiki. Mchukuzi akikidanganya Jumatatu, Jumanne amepoteza kazi ya mwaka mzima. Familia huhama kutoka jimbo hadi jimbo mara moja au mbili katika maisha. Haina cha kumnyima mchukuzi kesho, na mchukuzi anajua hilo kabla hajafunga mlango wa lori. Sifa mbaya nayo ina dawa rahisi. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa serikali kuu katika jimbo la Ohio waliwashtaki watu 12 kwa kuendesha kundi la kampuni za uhamishaji, wakidai kwamba jina moja likichafuka lilifunguliwa jingine, na kwamba waliodhulumiwa walizidi 900. Soko huadhibu jina. Ikiwa jina jipya linasajiliwa kwa ada ndogo, adhabu hiyo haimfikii mtu.

Wengine huwalaumu wateja: walikimbilia bei ya chini, walisaini bila kusoma. Ni kweli kwamba bei iliyo chini sana ya nyingine zote ni dalili mbaya, na mtu mzima anapaswa kuiona. Lakini lawama hii inasahau saa ambayo saini inatolewa. Kusoma mkataba kuna maana pale ambapo mtu bado anaweza kuondoka. Aliyekwisha kurudisha funguo, mwenye watoto garini na kazi mpya inayoanza Jumatatu, hawezi kuondoka popote. Holt aliliona hilo miaka mia tatu iliyopita aliposema watu hawana budi kuwaamini wachukuzi, na kwa sababu hiyo hakuwaachia wenye mali wajilinde kwa busara yao. Aliuweka mzigo wa dhamana juu ya yule aliyeshika mali.

Hoja nzito kuliko zote hutoka kwa wachukuzi waaminifu, ambao ndio wengi. Wanasema: mkiifuta haki ya kuzuia mzigo, sisi tutalipwa na nani? Mtu ashushiwe vyombo, afunge mlango, kisha tumfuate mahakamani maili elfu mbili kutoka kwetu? Wana haki kabisa, na ndiyo maana kufuta haki hiyo hakujawahi kuwa suluhisho. Lakini kanuni ya asilimia 110 haimwibii mchukuzi mwaminifu chochote, kwa sababu makadirio yake hayapishani na hesabu yake kwa mara mbili. Anayeumizwa nayo ni yule aliyekadiria uongo kwa makusudi. Kwa hiyo ugomvi haujawahi kuwa kati ya wachukuzi na wateja. Swali la miaka yote ni kama kuna mtu wa kuilazimisha kanuni iliyopo ifuatwe siku lori linapowasili, kwa maana hukumu ya mwaka ujao haimsaidii anayelala sakafuni leo.

Matukio ya baadaye yanaonyesha jinsi jibu linavyosuasua. Mwaka 2003 waendesha mashtaka wa Florida kusini waliwafungulia kesi watu 74 na kampuni 16. Mwaka 2005 Bunge lilitunga sheria kali: mchukuzi anayekataa kuachia mzigo kinyume cha kanuni atozwe faini isiyopungua dola 10,000, kila siku ya kukataa ihesabiwe kuwa kosa jipya, na anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Majimbo yakafunguliwa mikono kuzisimamia kanuni za serikali kuu. Fidia ya thamani kamili ikawa ndiyo kawaida, na senti 60 zikabaki kwa anayezichagua kwa maandishi. Kwa mara ya kwanza baada ya karne moja, sahani ya dhamana iliongezewa uzito. Lakini mwaka 2019 uamuzi ulitolewa kwamba FMCSA haina mamlaka ya kutoza yenyewe faini za makosa ya kibiashara bila kupitia mahakama, na miswada ya kuirudishia mamlaka hayo ikaanza kuzunguka Bungeni. Mwaka 2023 mamlaka hiyo ilituma makumi ya wachunguzi katika operesheni maalumu dhidi ya madalali na wachukuzi wanaoshikilia mizigo. Operesheni ni jambo jema, lakini ni ya msimu, na mizigo inashikiliwa mwaka mzima. Msimamizi wa kudumu, mwenye nguvu ya kumwambia mchukuzi leo hii ashushe mzigo leo hii, ndiye aliyepotea mwaka 1996, na bado hajarudishwa.

Mpaka arudishwe, ulinzi uko mikononi mwa anayehama, na miongoni mwao wamo maelfu ya wasemaji wa Kiswahili kutoka Tanzania, Kenya na Kongo wanaohama kutoka jimbo hadi jimbo wakifuata kazi na ndugu. Kwao nasema: usikubali makadirio ya simu tu, dai yaandikwe, na mtu aje avione vyombo. Uliza kama unayezungumza naye ni mchukuzi au dalali, na namba yake ya usajili uihakiki FMCSA kabla ya kulipa chochote. Usisaini karatasi tupu, wala usisaini kuachilia fidia ya thamani kamili kwa sababu tu umeambiwa ni utaratibu. Vyeti, pasipoti, karatasi za uhamiaji na dhahabu ya mama visipande lori, vikae nawe. Mzigo ukizuiwa, toa asilimia 110 ya makadirio yasiyo ya bei ya mwisho, au asilimia 100 ya bei ya mwisho, na uandike kwamba umetoa. Wakikataa, siku hiyohiyo peleka malalamiko FMCSA na kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Na kwa kilichovunjika au kupotea, sheria inakupa muda usiopungua miezi tisa tangu siku ya kufikishiwa mzigo kudai fidia kwa maandishi.